Mradi wa Vijana Usiomjua Mama

Kila nikiona bango jipya la mradi wa vijana pale Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, swali langu ni moja: mzazi yumo? Mara nyingi hayumo. Kuna picha ya kijana anayecheka na nembo za wafadhili zimejipanga chini. Semina siku tatu, chai na maandazi saa nne, nauli baada ya kusaini. Kijana anarudi nyumbani na fulana mpya, anakuta mwenye nyumba amepachika kufuli lake mlangoni kwa sababu ya kodi.

Hapo ndipo tunapogombana, mimi na watu wa miradi. Wanamzungumzia "kijana aliye hatarini" utadhani hatari ni homa aliyo nayo mwilini. Mama yake ameondoka alfajiri kwenda Eastleigh, ameketi kando ya barabara na wenzake akingoja wa kumwita kufua nguo. Siku asipoitwa, jioni sufuria haipandi jikoni. Mtoto wa miaka kumi na minne anajua vizuri ni bezi ipi, yaani kijiwe cha vijana wa genge, atapata chapati na maharagwe. Wale wa bezi hawamwombi cheti wala kitambulisho. Leo wanamlisha, kesho wanamtuma.

Na kuna mambo yaliyofaulu, tena hapo hapo. Mathare Youth Sports Association, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro kutoka Kanada, iliunganisha mpira na usafi wa mtaa: timu ikizoa takataka, inapata pointi za ligi. Watu wengi huishia kusimulia habari za Mathare United, timu iliyozaliwa humo na kutwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Ni sifa ya haki. Lakini kinachonivutia zaidi ni karo. Kijana anayejitolea hupata tuzo, na pesa zake huenda moja kwa moja shuleni anakosoma. Mzigo mmoja unamtoka mama kichwani. Chama hicho kiliwahi pia kupeleka chakula kwa watoto waliowekwa korokoroni na kuwatafuta wazazi wao. Kutafuta wazazi! Kazi hiyo haina picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti, pengine ndiyo maana haina waigaji.

Sheria yenyewe imeshaona jambo hili. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na ikafungua njia ya kumwepusha mtoto na mahakama ili arekebishwe akiwa kwa wazazi wake na jamii yake. Safi kabisa. Lakini mama akiitwa kituoni, kibarua cha siku hiyo kimekwenda. Akiitwa mara ya pili na ya tatu, atachagua nini, na wadogo zake huyo mtoto wanamngoja ili wapate kula?

Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua, watu waliicheka. Ilianza mwaka 2020 wakati wa korona: vijana kuzibua mitaro na kufyeka nyasi, kwa malipo yaliyokuwa shilingi 455 kwa siku katika awamu ya pili. Malipo yalichelewa, wizi ulitajwa, na mimi si shabiki wa serikali ile. Lakini 455 kwenye simu ni pakiti ya unga na makaa, na kijana anayeingia na unga nyumbani hupewa kiti. Hakuna semina iliyowahi kumpa kiti.

Kisha Aprili 2024 mto Mathare ukafurika, watu wakafa, na muda mfupi baadaye tingatinga zikaja kubomoa nyumba za kando ya mto. Sibishi kwamba kule ni hatari kuishi. Ila ukiivunja nyumba, mama anahamia kwa ndugu yake Dandora, kijana anabaki kwa rafiki, na mradi wowote uliokuwa ukimfuata unabaki na jina kwenye daftari.

Mathare kuna kina mama waliopoteza wana wao kwa risasi za polisi. Wameunda mtandao, wanasindikizana mahakamani. Waulize ni kijana gani wa ploti yao ameanza kurudi saa nane usiku na viatu vipya. Watakutajia kabla afisa yeyote wa mradi hajamaliza kuchapisha fomu. Hao ndio ningewapa bajeti. Chama chao cha kuchangishana kina daftari, mwekahazina na faini ya anayechelewa, na kina utaratibu kuliko mashirika kadhaa ninayoyajua. Waachiwe fungu la dharura la kulipia kodi ya nyumba, nyumba moja moja, mwezi mmoja mmoja.

Nimeshaambiwa zaidi ya mara moja kwamba mfadhili hakubali kulipa kodi ya nyumba ya mtu. Mfadhili huyo huyo analipia ukumbi wa hoteli Westlands, siku nzima, chakula cha mchana ndani, tukajadili vijana wa Mathare.