Kuvunja makundi baada ya Dodoma: aliyeshindwa kwa kura na aliyekatwa jina

Kila mchujo wa mgombea urais unapokwisha, wakubwa wa chama hutangaza kwamba makundi yamevunjwa. Mikono inashikanishwa, picha zinapigwa, wimbo unaimbwa. Kisha mjumbe anarudi Tukuyu au Ilula na kukuta makundi yako palepale, ila sasa moja linatamba na jingine limenuna. Kasoro ya hotuba hizi ni kuwachukulia walionuna wote kuwa sawa. Mtu aliyeona mgombea wake akipigiwa kura, kura zikahesabiwa, akashindwa, ana kinyongo cha aina moja. Aliyeona wake akikatwa jina kwenye kikao cha ndani, kabla ya kupigiwa kura hata moja, ana kinyongo kingine kabisa. Huyu wa pili ndiye huwatesa makatibu kata mpaka Oktoba.

Tuangalie rekodi ya CCM yenyewe. Mwaka 1995, pale ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, duru ya kwanza ilimpa Kikwete kura 534, Mkapa 459 na Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Duru ya pili Mkapa akapata 686, Kikwete 639. Aliyeongoza mwanzo alishindwa kwa kura 47, na alikubali. Akawa waziri wa mambo ya nje wa Mkapa, akasubiri miaka kumi, zamu yake ikafika.

Mwaka 2005 jambo hili lilitugusa sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Profesa Mark Mwandosya, mbunge wa Rungwe Mashariki, aliingia tatu bora pamoja na Kikwete na Salim Ahmed Salim. Matokeo: Kikwete 1,072, Salim 476, Mwandosya 122. Kwa mtu wa Rungwe hiyo 122 iliuma, lakini ilikuwa namba. Haikuacha mwanya wa kusema mtoto wetu angeshinda kama asingechezewa faulo. Kikwete akamwingiza Mwandosya kwenye baraza la mawaziri, na watu wake wakawa na jambo la kuwaambia majirani. Desemba mwaka huo Kikwete alishinda urais kwa zaidi ya asilimia 80 nchi nzima.

Sasa njoo 2015. Ukisoma matokeo ya Mkutano Mkuu wa Julai peke yake utadhani chama hakijawahi kuwa kimoja namna ile: Magufuli 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Hiyo ni asilimia 87. Lakini asilimia hiyo haikupima umoja wowote, kwa sababu kundi kubwa kuliko yote halikuwa na mtu wa kumpigia. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikuwa amekatwa kwenye Kamati Kuu, kikao cha ndani kinachochuja majina hadi matano, hakufika hata tano bora. Wajumbe wa Halmashauri Kuu walimwimbia ukumbini kwamba wana imani naye. Watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kuupinga uamuzi ule. Tarehe 28 Julai Lowassa alikuwa CHADEMA.

Wapo wanaosema angehama tu hata kama angepigiwa kura na kushindwa. Huenda. Lakini angehama na watu wachache zaidi. Namba 47 za mwaka 1995 zilimfunga mdomo hata mpambe mkali. Kikao cha ndani hakimfungi mtu mdomo, kinampa hadithi ya kusimulia.

Kwa wenzetu Marekani ni tofauti kidogo. Kule wafuasi wenyewe hupiga kura za mchujo jimbo kwa jimbo, kwa hiyo anayebaki na kinyongo alishiriki kuhesabiwa. Hata hivyo, mwaka 2008 Hillary Clinton hakungoja mkutano mkuu wa Agosti. Tarehe 7 Juni alisimama mbele ya watu wake mwenyewe akawaomba wamuunge mkono Obama, na Agosti pale Denver akaomba mkutano umpitishe kwa sauti moja. Cha kuiga hapo ni mpangilio: aliyeshindwa ndiye aliyesema na watu wake, na alisema mapema.

Upande wa CHADEMA mtihani wa 2015 ulikuwa mgumu zaidi, na naona haujapewa uzito unaostahili. Mchukue mfuasi wa CHADEMA wa Kyela. Mbunge wake wa wakati huo, Harrison Mwakyembe wa CCM, ndiye aliyeongoza kamati teule ya Bunge iliyochunguza Richmond, sakata la mkataba wa umeme wa dharura lililomfanya Lowassa ajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008. Mfuasi huyo alikuwa ameimba ufisadi kwa miaka saba. Tarehe 4 Agosti 2015 akaambiwa mgombea wako ni Lowassa. Uteuzi wa Tume ya Uchaguzi ulikuwa tarehe 21 Agosti. Hizo ni siku 17 za kugeuza shingo. CCM ilikuwa na 40 tangu mkutano wake mkuu. Juu ya hapo Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, chama mshirika wa CHADEMA katika UKAWA, na Dk. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, ambaye wengi walimtarajia awe mgombea, akajitokeza tarehe 1 Septemba kueleza kwa nini anaachana na siasa za vyama, kampeni zikiwa zimeshaanza.

Na bado Lowassa alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Wabunge wa CHADEMA nao walirudi: Sugu (Joseph Mbilinyi) Mbeya Mjini, Mchungaji Msigwa Iringa Mjini. Kilichofanya kazi ni kwamba mfuasi hakuombwa ampende Lowassa. Aliombwa aitoe CCM kwanza, mengine baadaye, na neno lililobeba ombi hilo lilikuwa mabadiliko. Ombi la namna hiyo linauzika hata kwa mtu mwenye kinyongo, kwa sababu halimlazimishi akane aliyoyasema jana. Ubaya wake ni kwamba halina mizizi: Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, na aliyejitoa mhanga kumtetea vijiweni akabaki akichekwa.

Mwaka 2020 upinzani ulionyesha kosa la aina nyingine. Viongozi wa ACT-Wazalendo walitangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA, lakini jina na picha ya mgombea wao, Bernard Membe, vilibaki kwenye karatasi ya kura, na mwenyewe akasema bado ni mgombea. Alipata kura 81,129. Tamko la jukwaani halifuti picha. Bibi wa Busokelo akiingia kwenye kituturi anaona alama ya chama chake, anaweka tiki hapo.

Sasa kazi yenyewe. Dirisha la kweli la kurudisha watu liko kati ya mkutano mkuu na siku ya uteuzi, na chombo bora ndani ya dirisha hilo ni fomu ya wadhamini. Sheria inamtaka mgombea urais apate wadhamini wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake iwe ya Zanzibar. Mkoa wa Mbeya una halmashauri saba. Ukigawa sawa ni watu 28 au 29 kila moja. Chama kikubwa hujaza fomu hiyo kwa asubuhi moja kwa kutumia makada wake wa kawaida, na hapo ndipo nafasi inapopotea. Nusu ya majina hayo yangetoka kwa watu waliomdhamini aliyekatwa. Orodha ipo: mwaka 2015 kila mtia nia wa CCM alitakiwa kuleta wadhamini 450 kutoka mikoa 15, kwa hiyo kila wilaya inajua nani alimsainia nani.

Anayewafuata asiwe mshindi. Atumwe mtu aliyekuwa kundi lao, tena awafuate nyumbani, asiwaite ofisini. Ukimwita mtu ofisi ya kata Julai anadhani anakwenda kuhojiwa. Angalia na kalenda ya shamba: huo ni wakati wa mahindi kuvunwa na kupukuchuliwa, na Mufindi au Makete asubuhi baridi haisemeki, kwa hiyo kikao cha saa mbili asubuhi kitakuwa cha viti vitupu. Alasiri ndiyo saa yake. Na kadi za mpiga kura zikaguliwe kabla ya kusainisha. Mtu wa Tunduma hadhamini kwa Mkoa wa Mbeya tangu Songwe ilipojitenga mwaka 2016, lakini bado wapo wanaojisahau, na jina lake likikataliwa atasema wamemkata tena.

Jambo lisilosemwa vikaoni ni madeni. Mpambe aliyekodi Noah na bodaboda kumzungusha mtia nia wake amebaki na deni la mafuta, na bosi hapokei simu. Chama hakiwezi kulilipa wala hakipaswi, ila katibu anayejua deni hilo lipo atamwelewa mtu huyu kuliko anayemwita msaliti.

Neno usaliti linahitaji breki. Machi 2017 CCM iliwavua uanachama makada kadhaa kwa madai ya kwenda kinyume na chama katika uchaguzi wa 2015, akiwemo Jesca Msambatavangu, mwenyekiti wa mkoa wa Iringa. Baadaye alisamehewa, na mwaka 2020 ndiye aliyekipatia chama hicho jimbo la Iringa Mjini. Nchimbi naye aliadhibiwa kwa onyo, kisha akawa Katibu Mkuu mwaka 2024 na mgombea mwenza mwaka 2025. Sisemi nidhamu isiwepo. Nasema adhabu inayokuja mwaka mmoja na nusu baada ya kura haikuokoa kura hata moja, na waliowahi kuadhibiwa ndio waliokuja kutafutwa.

Kisha uwakala. Majina ya mawakala hupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi kabla ya siku ya kura, na wakala anakula kiapo. Walionuna wakipewa vituo mapema, familia zao zinakuja kupiga kura. Wakipewa nafasi za kuziba pengo siku mbili za mwisho, wataona wametafutwa kwa shida, na watakuwa sahihi.

Kujua kama makundi yalivunjika kweli, achana na idadi ya waliohudhuria mkutano wa hadhara. CCM husema mafiga matatu: rais, mbunge, diwani. Chukua nakala za fomu za matokeo za kituo kimoja kimoja uziweke pamoja. Diwani akipata 230, mbunge 215 na rais 150 wa chama kilekile, kinyongo kilifika kituoni na kikachagua figa la kuliangusha. Zote tatu zikishuka kwa pamoja ukilinganisha na uchaguzi uliopita, watu hawakuasi, walibaki nyumbani. Usikimbilie hitimisho pale mbunge alipo na mvuto wake binafsi, kama ilivyokuwa Mbeya Mjini enzi za Sugu. Hapo linganisha rais na diwani. Na ukienda kutafuta namba za Mbeya za 2015, kumbuka ndani yake mna Mbozi, Momba, Ileje na Tunduma.