Haragwe si hindi: hesabu ya mbegu ya kutunza mwenyewe

Mkulima wa Mbeya anayechota mbegu kwenye gunia lake la maharage aina ya Kablanketi huambiwa amebaki nyuma, aende dukani akanunue mbegu bora. Ushauri huo umeazimwa kwenye mahindi. Punje za mahindi chotara ukizirudisha shambani, mavuno huporomoka. Haragwe hujichavusha lenyewe. Aina ya Uyole Njano uliyovuna mwaka huu itaota Uyole Njano mwakani.

Halafu kuna hesabu isiyosemwa sana. Ekari moja kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 20, punje mbili kila shimo, hula punje 80,000 hivi. Kwa maharage makubwa, ya gramu 50 kwa punje 100, hizo ni kilo 40 (aina ndogo ya gramu 25 hukata nusu). Mahindi hutosheka na kilo 10. Tuseme umevuna kilo 400: sehemu moja ya kumi ilikuwa mbegu. Na kama mbegu ya dukani inauzwa mara tatu ya bei ya maharage ya kula, thamani ya kilo 120 imeondoka kabla jembe halijagusa udongo. Anayekataa hapo amepiga hesabu, hajakataa elimu.

Wanaotetea mbegu iliyothibitishwa wana hoja moja nzito: ugonjwa. Chule, ugonjwa wa ukungu, hujificha ndani ya ganda la punje, na virusi vya batobato huacha punje ikimetameta kama nzima, kwa hiyo kupembua uani hakutoshi. Kablanketi, pamoja na utamu wake na kuiva upesi, hushambuliwa na chule na ugonjwa wa madoa pembe wa majani, wala uchambuzi wa mkulima hautaipa ukinzani isiokuwa nao. Hapo ni kubadili aina. Lakini aina mpya hainunuliwi kila msimu.

Nunua kilo 4, au tafuta mbegu za kuazimiwa ubora, zinazozalishwa vijijini kwa ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Zipande peke yake kwenye sehemu ya kumi ya ekari. Zikizaa mara kumi, una kilo 40 za ekari nzima. Ng'oa mapema mche wenye majani ya batobato yaliyojikunja, kabla wadudu mafuta hawajausambazia wenzake. Punje za maganda yenye vidonda vya kahawia vilivyobonyea ziende jikoni. Piga taratibu, maana punje iliyopasuka huota mche dhaifu au haioti kabisa. Kabla ya kupanda, otesha punje 100 kwenye gunia bichi. Zikiota chini ya 80, tafuta mbegu nyingine.

Msimu wa tatu au wa nne, nunua kilo 4 nyingine. Kwenye baridi na mvua za Rungwe usingoje hivyo: chule hupenda unyevu, na mbegu iliyoanza safi huweza kuchafuka ndani ya msimu mmoja.