Magazeti Yatatumaliza Hapa Delhi

Mdogo wangu, hizo kalamu nne za rangi ulizonunua za kupigia mistari gazeti la kusomea mtihani, zirudishe dukani kama risiti bado unayo. Najua umeshaambiwa njano ni ya takwimu, kijani ya mazingira, waridi ya katiba, bluu ya uchumi. Wiki ya kwanza utazitumia kwa adabu. Wiki ya pili ukurasa mzima utakuwa wa njano, kuanzia kichwa cha habari mpaka tangazo la nyumba za kupanga, maana mtahiniwa mwenye hofu kila kitu anakiona muhimu. Chukua penseli moja. Tena iwe kipande, ikuume vidole, ndiyo utajifunza kuchagua.

Tatizo letu sisi watahiniwa wa utumishi wa umma linaanzia kwa tume yenyewe, UPSC. Wenye karatasi yao wameketi pale Dholpur House, wakaandika kwenye silabasi ya mchujo, ule mtihani wa kwanza, kitu kimoja kwa utulivu kabisa: matukio ya sasa yenye umuhimu wa kitaifa na kimataifa. Basi. Nukta. Historia angalau walisema ni ya India na harakati za uhuru. Hili la matukio hawakusema linaanzia mwezi gani, linaishia wapi, wala kama kikao cha mawaziri wa uvuvi kinahesabika. Ndiyo maana mitaa yote hii ya Old Rajinder Nagar na Mukherjee Nagar inapata ugali kwa mstari huo mmoja: matuisheni, maduka ya fotokopi, vyumba vya kusomea ambako unakodi kiti kwa mwezi, na wale wanaokuuzia muhtasari wa muhtasari wa gazeti ambalo ungelisoma mwenyewe kwa rupia chache.

Na wateja wapo! Mwaka 2024 waliomba watu 992,599. Waliojitokeza kwenye mchujo ni 583,213, kumbe wengine walikuwa wanaomba tu ili mama afurahi. Waliovuka kwenda mtihani mkuu ni 14,627, waliofika usaili 2,845, waliotangazwa mwishoni 1,009. Sasa nijibu: hao wote wamesoma The Hindu au The Indian Express, lile lile, la siku ile ile, ukurasa ule ule. Kujua habari peke yake hakumfanyi mtu ampite mwenzake hapa. Kinachomtofautisha mtu na mwenzake ni kuikumbuka Mei habari aliyoisoma Septemba, na kujua inakaa sehemu gani ya silabasi.

Haya, gazeti. Moja. Sio mawili ya Kiingereza, la Kihindi la kulinganisha, na la biashara lenye karatasi ya rangi ya samoni ili uonekane msomi kwenye metro. Lipe saa moja, likizidi sana saa moja na nusu. Anayesoma gazeti saa nne hajasoma gazeti, amelihariri. Ruka nani kahama chama gani, ruka wizi na ajali, ruka kriketi. Ndiyo, na kriketi, usinitolee macho. Soma uamuzi wa mahakama, muswada uliofika bungeni, ripoti iliyotoka, mkataba uliosainiwa, mnyama au mto uliotajwa kwa jina, na kurasa za tahariri. Tahariri nazo usizisome kama aya za kuhifadhi. Chukua hoja mbili za upande huu na moja ya upande ule, songa mbele.

Nikuoneshe, maana mdomo mtupu haufundishi. Tarehe 15 Februari 2024 Mahakama ya Juu ya India ilifuta mpango wa hatifungani za uchaguzi, zile za kuvichangia vyama bila jina la mchangiaji kutangazwa. Kesho yake gazeti lilijaa: chama hiki kimesema, kile kimejibu, mchambuzi kakunja ndita. Mtahiniwa mgeni anajaza karatasi sita. Wewe andika karatasi moja, upande mmoja, yenye kona mbili. Kona ya mchujo: mpango uliletwa kupitia Sheria ya Fedha ya 2017, ukaanza 2018, muuzaji alikuwa Benki ya Serikali ya India peke yake, thamani zilikuwa rupia 1,000, 10,000, laki moja, laki kumi na milioni kumi, majaji watano, kauli moja, kifungu cha katiba kilichovunjwa ni 19(1)(a), kwa kuwa mpiga kura ana haki ya kupata habari. Kona ya mtihani mkuu: haki ya mpiga kura kujua dhidi ya faragha ya mchangiaji, na swali la nani afadhili vyama. Juu kabisa andika GS-II, ndiyo karatasi ya utawala na katiba. Kwisha. Alivyokasirika msemaji wa chama, mwachie na shinikizo lake la damu.

Karatasi iwe huru, isiwe ya daftari. Habari ina tabia mbaya ya kurudi. Miezi miwili baadaye inakuja tena na kipande kipya, na kama uliiandika kwenye daftari la Februari, utabaki unafunua kurasa kama anayetafuta cheti cha kuzaliwa. Karatasi huru unaichomoa, unaongeza mstari, unairudisha kwenye faili lake. Wanaoandika kwa kompyuta wanajiona wajanja mpaka wanapogundua kwamba wamenakili na kubandika kurasa mia nane bila hata sentensi moja kupita kichwani.

Halafu kuna majina. Aa, majina! Serikali ya India haina mradi usioanza na PM, yaani Waziri Mkuu. Kuna PM-KISAN, mkulima anapata rupia 6,000 kwa mwaka kwa mafungu matatu ya 2,000. Kuna PM-KUSUM, hiyo ni pampu za jua shambani. PM SVANidhi ni mikopo ya wamachinga. PM-SHRI ni shule. PM Surya Ghar ni umeme wa jua juu ya paa. Sasa usichanganye Surya Ghar na Surya Kiran, maana Surya Kiran ni mazoezi ya kijeshi ya India na Nepal. Ila Surya Kiran pia ni kikosi cha ndege za maonyesho cha jeshi la anga. Umeelewa? Hata mimi.

Na hayo mazoezi ya kijeshi, nani aliyewapa hawa watu kazi ya kubatiza? Shakti ni jeshi la nchi kavu na Ufaransa. Garuda ni jeshi la anga, na Ufaransa huyo huyo. Varuna ni wanamaji, Ufaransa tena. Sasa ukikutana na Garuda Shakti unasema aha, hapa ni Ufaransa kwa jumla na rejareja. Hapana! Hiyo ni Indonesia. Mitra Shakti je? Sri Lanka. Mtunga swali anayajua maumivu haya, ndiyo anayoyatafuta. Dawa yake ni jedwali moja lenye nguzo tatu, jina, nchi, na tawi la jeshi, libandikwe mahali unapopiga mswaki. Na Aprili 2025 wameongeza AIKEYME, wanamaji wa India na nchi za Afrika, mwenyeji mwenza Tanzania, yakafunguliwa Dar es Salaam. Kijana wa Patna ambaye hajawahi kuiona bahari sasa anakariri Dar es Salaam, pamoja na Zanzibar ambako IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ilifungua kampasi mwaka 2023, ya kwanza ya IIT nje ya India.

Takwimu nazo hazikai mahali pamoja. Chukua ardhioevu za Ramsar, zile zinazolindwa kwa mkataba wa kimataifa. Mwaka 2022, India ilipotimiza miaka 75 ya uhuru, orodha ikapandishwa mpaka maeneo 75, ikapendeza, kila mtu akakariri. Agosti 2024 zikawa 85. Februari 2025 zikawa 89. Kitabu chako cha mazingira cha mtumba kinasema 26, na kinasema kwa kujiamini. Kitu kinachohesabika andika kwa penseli, weka tarehe pembeni, na ukirudie mwezi wa mwisho tu.

Taarifa za PIB, ile idara ya habari ya serikali, zisome kwa chujio. Kila wizara inajisifu humo, na kila mpango ni wa kihistoria. Wewe nyofoa vitu vinne: jina la mpango, wizara inayousimamia, nani ananufaika, na kama fedha zote ni za serikali kuu au majimbo yanachangia. Wizara usiipuuze, mtego mwingi umefichwa pale. Yojana na Kurukshetra ni majarida ya serikali pia, kila toleo na mada yake. Angalia mada kwanza. Ikiwa haiko kwenye silabasi, lipite kwa heshima. Taarifa ya Hali ya Uchumi hutoka karibu na bajeti, na bajeti tangu 2017 husomwa tarehe 1 Februari, kwa hiyo kuanzia hapo mpaka mchujo wa Mei au Juni muda haukusubiri, na ndio wakati ambao watu wanakimbilia kufungua chaneli mpya za Telegram.

Telegram hiyo! Mtu ana mafaili mia tatu ya PDF, hajafungua hata moja, lakini akilala analala kwa amani kwamba anayo. Muhtasari wa mwezi chagua wa taasisi moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukichukua wa taasisi tatu, habari ile ile ya duma wa Namibia walioletwa hifadhi ya Kuno utaisoma mara tatu kwa maneno tofauti, na ubongo utaamini ni duma ishirini na nne. Walikuwa wanane, Septemba 2022.

Sasa twende ukumbini. Maswali 100, saa mbili, alama 200. Ukikosea unakatwa theluthi ya alama za swali, yaani 0.66, kwa hiyo makosa matatu yanameza jibu moja sahihi. Zamani kidogo mtu aliokoka kwa kuondoa: ukijua kauli moja ni ya uongo, majibu mawili yanaanguka yenyewe. Mwaka 2023 wakatuwekea kwa wingi yale ya "ni jozi ngapi zimelingana: moja tu, mbili tu, zote tatu, hakuna." Hapo ujuzi nusu hauna kazi. Mwaka huo alama ya kupita kwa kundi la jumla, wale wasio na nafasi za upendeleo, ilishuka mpaka 75.41 kati ya 200.

Na jozi zenyewe, ungekuwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ungecheka mpaka usindikizwe nje. Mwaka 2022 waliandika Cabo Delgado, Hispania. Cabo Delgado! Msumbiji kaskazini, ng'ambo ya Ruvuma, mtu wa Mtwara anaijua bila tuisheni. Mwaka 2023 wakaandika Kivu Kaskazini na Ituri, vita vya Armenia na Azerbaijan. Mama wa Goma anayeuza mihogo angelijibu hilo huku anarudisha chenji. Hapa Delhi watu wenye shahada za uhandisi walikuna vichwa. Kwa hiyo kila jina la mahali unaloliona gazetini, fungua atlasi palepale: nchi gani, inapakana na nani, kuna bahari au mto gani. Dakika mbili. Ukisema nitatafuta jioni, jioni kuna umeme uliokatika na mwenzako wa chumba anayetaka kujadili mageuzi ya Umoja wa Mataifa.

Karatasi ya pili ya mchujo, ile ya hesabu na mantiki, nayo usiidharau kwa sababu haina habari. Inatakiwa asilimia 33 tu, alama 66, na kila mwaka kuna mtu anayejua mipaka yote ya Sahel aliyeangushwa na treni mbili zinazopishana.

Mtihani mkuu ni kilio kingine. Karatasi tatu za kwanza za masomo ya jumla zina maswali 20 kwa saa tatu: kumi ya alama 10 kwa maneno 150, kumi ya alama 15 kwa maneno 250. Piga hesabu, ni dakika saba kwa yale madogo na kumi na moja kwa makubwa, bila kupumua wala kukuna goti. Hapo zile karatasi sita za hatifungani zingekusaidia nini? Kinachoingia kwenye maneno 150 ni tarakimu moja, kesi au tume moja, mfano mmoja, na mapendekezo mawili. Kwa hiyo andika majibu tangu mapema, hata mawili kwa siku, saa ikiwa mezani. Anayeahidi kuanza kuandika akimaliza kusoma hamalizi kusoma.

Ukifika usaili, alama 275, gazeti linabadilika sura. Sasa wanakuuliza maoni. Na wameshika fomu yako: wilaya uliyotoka, chuo, somo, hata starehe zako. Ukiandika kwamba unapenda kufuga njiwa, fuatilia habari za njiwa. Mto wa kwenu ukifurika wiki hiyo, ujue ulifurika kwa nini na mkuu wa wilaya alipaswa kufanya nini saa ya kwanza. Usijibu kama msemaji wa chama, upande wowote. Na usiku wa kuamkia siku hiyo usianze kufunua Yojana za mwaka mzima, lala. Gazeti la asubuhi utalisoma kwenye gari ukielekea Shahjahan Road, kule kwenye ofisi za tume, kurasa tatu tu, maana yule mzee wa jopo naye kalisoma, tena lote, tena bila haraka, akiwa na chai, na lile la pili nililokukataza kununua yeye analo.