Maji yanafuata chumvi, basi

Juzi jioni nimekaa zangu kibarazani hapa Mwanga nachambua dagaa, mtoto wa dada yuko form two anakariri baiolojia kwa sauti kama yuko madrasa, osmosisi ni mwendo wa maji kutoka wapi kwenda wapi, Kiingereza kitupu, hajateleza hata neno. Nikamuuliza swali moja tu, eti ukiutia mchicha kwenye maji ya chumvi kali utakuwaje? Akanitazama weee. "Ma'mdogo, hiyo haipo kwenye notsi."

Haipo kwenye notsi! Mtoto wa Kigoma huyu!

Bibi yake hakumaliza la nne. Ila mvua zikianza na jua limegoma, anapasua migebuka, anaipaka chumvi ya Uvinza mpaka inakuwa myeupe, anaipanga kwenye beseni na kulala zake. Asubuhi beseni lina maji na yeye hakutia hata kikombe. Ukimuuliza anakwambia chumvi imeyaita. Sasa si ndo hiyohiyo? Ndani ya seli za samaki maji mengi chumvi kidogo, nje chumvi imejaa, utando wa seli unapitisha maji ila chumvi inabaniwa mlangoni, basi maji ndo yanatoka kuifuata na seli inasinyaa. Na wale bakteria wanaokuja kuozesha wanakutana na kibano kilekile, wananyauka kabla hawajaanza kazi.

Dogo anajua "kutoka konsentresheni ndogo kwenda kubwa". Ndogo ya nini, ya maji au ya chumvi? Kimya. Halafu hayo majina, haipotoniki (maji yenye chumvi kidogo kuliko seli) na haipatoniki (yenye chumvi nyingi kuliko seli), nani aliwapa mapacha majina yanayofanana hivyo halafu anategemea mtoto asichanganye kwenye mtihani?

Nikaacha dagaa, nikachukua kiazi, nikakikata kama chipsi, vipande kwenye maji matupu, vingine kwenye maji ya chumvi kali, tukala ugali tukarudi. Vya maji matupu vimekaza, ukikunja vinakatika ta! Vya chumvi vimelegea kama kamba ya kiatu, dogo anakizungusha kidoleni anacheka. Hapo ndo akauliza mwenyewe, mbona vya maji matupu havijapasuka? Swali hilo! Kwa sababu seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando, maji yanaingia yanasukuma mpaka ukuta unasema imetosha. Ndo maana wale mama wa sokoni wananyunyizia mchicha maji na unasimama tena (ule uliochumwa juzi sijui wanaufanyaje). Seli nyekundu ya damu haina ukuta, ukiitia kwenye maji matupu inavimba, inapasuka. Dripu ile ya kawaida ina chumvi gramu 9 kwa lita kwa sababu hiyohiyo, isiipasue wala isiikaushe.

Haya, najua mtanijia juu. Mwalimu ana darasa limejaa mpaka dirishani, mtihani ni wa Kiingereza na majina yale lazima ayaandike. Sawa, nakubali, kwa shingo upande. Lakini sekunde kumi za kusema "kama migebuka ya bibi yako" zinamla nini?

Maana kuna mahali hili jambo linaumiza watu. Mtoto anaharisha, mama anapewa pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari, ya kukoroga kwenye lita moja, anaikoroga kwenye nusu lita akidhani dawa kali ndo inaponya haraka. Chumvi na sukari zinazidi kwenye utumbo, maji yanatoka mwilini kuzifuata na kuhara kunaongezeka. WHO wenyewe mwaka 2002 waliipunguza makali, toka 311 mpaka 245 kwa kipimo chao cha wingi wa chumvi na sukari zilizoyeyuka kwenye lita (miliosmoli). Yule mama naye form two alipita, na alikariri vizuri tu.

Na samaki wetu je? Tanganyika maji baridi, mwili wa mgebuka una chumvi kuliko ziwa, kwa hiyo maji yanamwingia kutwa kucha na kazi yake ni kukojoa. Wa baharini yeye ni kinyume, maji yanamtoka kufuata chumvi ya bahari, kwa hiyo anakunywa maji kila saa. Dogo alivyosikia hili akasema hali tena samaki, akala wawili.

Vile viazi vya chumvi nilivikaanga ili nisivitupe. Havikulika.