Hakuna tairi linalopasuka ghafla

Mi nina ugomvi na neno moja tu kwenye mbio za magari, nalo ni "ghafla". Gari liko spidi 300 kwenye mstari ulionyooka, dereva hajamgusa mtu, mara tairi la nyuma linasambaratika, vipande vinaruka kama kunguru wamerushiwa jiwe, na mtangazaji anapiga kelele kwamba tairi limepasuka ghafla. Limepasuka ghafla kwako wewe ulokaa kwenye kochi bana. Tairi lenyewe lilikuwa linakufa tangu mizunguko 15 iliyopita, na mara nyingi lilianza kufa hata kabla gari halijatoka gereji, pale mtu na laptop yake alipoamua upepo uwe kiasi gani.

Ukitaka kuelewa hii kitu usianze na tairi, anza na waya. Chukua kipande cha waya mgumu kidogo, kikunje, kikunjue, kikunje tena palepale, fanya haraka haraka mara kumi au ishirini halafu ujiguse mdomoni kwa lile kunjo. Pamoto, si ndio? Hujakiweka kwenye moto lakini pamoto. Endelea tena kidogo, pap, kimekatika, na ukiulizwa kimekatika lini utasema sasa hivi, wakati kila kunjo lilikuwa linakula kitu humo ndani na wewe huoni.

Sasa tairi ndo hivyohivyo. Lile eneo linalogusa lami linabonyea, ubavu unakunjika, likipita linarudi umbo lake, linakuja tena linabonyea. Tairi za Formula 1 kabla hawajahamia rimu za inchi 18 mwaka 2022 zilikuwa na kipenyo cha kama sentimita 67, kwa hiyo mzunguko mmoja wa tairi ni mita 2 na kidogo, piga hesabu mwenyewe, kwa spidi ya kilomita 300 kwa saa kila sehemu ya ubavu inakunjwa na kukunjuliwa karibu mara 40 kwa sekunde moja. Sekunde moja! Na mpira sio springi, ukiukunja haukurudishii nguvu yote ulioiweka, kiasi fulani kinabaki ndani kama joto, na chini ya mpira kuna nyuzi zilizofumwa na kugundishwa na huo mpira, gundi ikizidiwa na joto nyuzi zinaanza kuachana na mpira wake, kitu kidogo sana, huwezi kukiona kwa macho, ila kikishaanza hakirudi nyuma.

Na hapa ndo upepo unapoingia. Watu wengi wanadhani tairi hupasuka kwa sababu limejazwa sana, kama puto. Hapana, kwenye mbio ugonjwa mkubwa ni upepo kuwa mdogo. Upepo ukiwa mdogo ubavu unakunjika zaidi, ukikunjika zaidi joto linazidi, na spidi ikiwa kubwa ya kutosha inafika mahali ubavu hauwahi kurudi umbo lake kabla ya kugonga lami tena, ukiangalia picha za mwendo wa polepole utaona mawimbi kabisa yanatembea kwenye tairi kama maji. Tairi likifika hapo halina muda mrefu.

Sasa kwa nini timu yenye mainjinia wamesoma hadi wamechoka iweke upepo mdogo? Kwa sababu unalipa. Tairi lenye upepo mdogo linalala vizuri kwenye lami, linagusa eneo kubwa, linashika kona, na dereva anapata sehemu ya kumi ya sekunde kila mzunguko, na kwenye mbio hiyo ni utajiri. Ndo maana kampuni ya tairi inaweka kiwango cha chini cha upepo, na timu nazo kila siku zinatafuta namna ya kukizunguka bila kukivunja, maana upepo unabadilika na joto. Tairi la psi 20 (psi ni kipimo cha upepo) likiwa kwenye nyuzi joto 20, ukilipasha hadi 100 linaongeza kama psi 9 hivi bila wewe kuongeza pumzi hata moja. Kwa hiyo swali sio tu "lina upepo kiasi gani" bali "lina upepo kiasi gani, saa ngapi, likiwa na joto gani". Zamani lilikuwa linapimwa likiwa limefunikwa kwenye blanketi lake la umeme, moto, mambo safi, likitoka nje likapoa kidogo upepo unashuka na hapo hakuna mtu ameiba, kila mtu karatasi zake ziko sawa. Monza, Italia, mwaka 2015 wakaguzi walipima magari ya Mercedes yakiwa yamejipanga kuanza mbio, la Hamilton likakutwa limepungua psi 0.3 na la Nico Rosberg 1.1, kukawa na kizaazaa, mwisho hawakuadhibiwa, kwa sababu ilikuja kwenye hilohilo la joto na wakati wa kupima.

Halafu ikaja Baku 2021 na hapo mi mwenyewe niliumbuka. Stroll tairi la nyuma kushoto likaondoka kwenye mstari ulionyooka, baadaye Verstappen akiwa anaongoza zimebaki mizunguko mitano hivi naye lilelile la nyuma kushoto, sehemu ileile ya spidi kali, akagonga ukuta. Nikaingia kwenye grupu la washkaji nikasema hivi ni vipande vya gari lililoanguka, Stroll ameacha takataka na mwenzie kakanyaga, nikabishana mpaka saa sita usiku. Pirelli, watengenezaji wa tairi za Formula 1, walipotoa majibu yao wakasema hapana, ubavu wa ndani umekatika kwa kuzunguka mduara mzima, na hiyo inatokana na hali ambayo tairi lilikuwa linaendeshwa, ingawa timu zilikuwa zimefuata viwango vya upepo wa kuanzia. Soma hiyo sentensi ya mwisho mara mbili. Hakuna aliyevunja sheria na tairi limekatika. Haikupita muda FIA, wasimamizi wa mbio hizi, wakatoa maelekezo mapya ya kukagua upepo na joto la tairi kwa ukali zaidi, na ukitaka kujua wao walikuwa wanawaza nini, angalia walichokwenda kukagua. Hawakwenda kukagua mafagio.

Simaanishi kwamba takataka haziui tairi, zinaua. Kipande cha kaboni faiba ni wembe, na kona za mbio zimejaa hivyo vipande. Breki zikipitiliza joto zinaweza kuunguza ule mdomo wa tairi unaokaa kwenye rimu, NASCAR, zile mbio za Marekani, kwenye viwanja vifupi wanalijua sana hilo, tairi linatoa upepo bila tundu lolote. Bawa la gari likipinda kidogo tu linakwangua tairi kama kisu. Dereva akikanyaga breki gurudumu likagoma kuzunguka, tairi linalika upande mmoja na kuanzia hapo kila mzunguko ni nyundo. Haya yote yapo. Ila ukiona magari mawili, matatu, manne yanapatwa na tatizo lilelile upande uleule siku ileile, tafadhali acha kuniambia habari za bahati mbaya.

Silverstone, Uingereza, 2013 ndo mfano wangu wa siku zote. Tairi za nyuma kushoto zikaanza kulipuka kama fataki, Hamilton akiwa anaongoza, Massa, Vergne, Perez, watu wakaanza kuogopa kweli kweli. Kulipochimbwa ikawa kila mtu ana mkono wake humo. Tairi zilikuwa zimetengenezwa la kushoto tofauti na la kulia, timu zikawa zinazibadilisha la kulia linafungwa kushoto kwa sababu wameona linawafaa. Upepo wameshusha. Tairi limelazwa kwa ndani kupita kiasi ili gari lishike kona, kwa hiyo uzito wote unakaa kwenye bega moja la tairi badala ya kutandaa. Juu ya hapo kuna zile kingo za rangi pembeni ya njia ambazo madereva walikuwa wanazipanda kwa spidi mzunguko baada ya mzunguko. Kila kimoja peke yake tairi lingeweza kuvumilia, vyote pamoja, we acha tu. Wiki iliyofuata Ujerumani zikaletwa tairi za nyuma zenye mkanda wa Kevlar, nyuzi ngumu za kiwandani, badala ya chuma na ule mchezo wa kugeuza pande ukapigwa marufuku, nami nakumbuka Pirelli walibeba lawama karibu zote wakati timu zimejikunyata pembeni kimya. Kampuni ya tairi ilikuwa na makosa yake sikatai, ila ukinipa kiatu cha kulia nikakivaa mguu wa kushoto nikaanguka, siwezi kumfuata fundi viatu peke yake.

Miaka saba baadaye, palepale Silverstone, 2020, hadithi ilikuwa nyingine, ilikuwa ni umri. Gari la usalama, lile linalopunguza spidi ya wote ajali ikitokea, liliingia mapema, karibu wote wakaona ni bure wakakimbilia kubadili tairi, halafu wakaamua hizohizo ziwafikishe mwisho, yaani karibu mizunguko 40. Kilomita karibu 6 kila mzunguko, kona za spidi kali zinazokandamiza tairi la mbele kushoto bila huruma, ukigawa unapata tairi moja limekunjwa kama mara 110,000. Mpira nao umekwisha, umebaki mwembamba, na mpira mwembamba haulindi kitu. Bottas likaenda imebaki mizunguko miwili mitatu, Sainz likaenda, Hamilton likaenda mzunguko wa mwisho kabisa akavuka mstari na matairi matatu na lingine linapigapiga chini kama kanga iliyotundikwa kwenye upepo, akashinda kwa sekunde 5 na kitu mbele ya Verstappen, ambaye alikuwa ameingia piti kubadili tairi baada ya kuona ya Bottas. Wengi walimcheka Verstappen kwamba kaacha ushindi. Mi sikucheka. Nani alimhakikishia kwamba lake lingefika?

Na ukitaka kujua kwamba tairi huongea kabla, angalia Qatar 2023. Hapo halikupasuka kitu. Baada ya siku ya kwanza Pirelli wakazichukua tairi zilizotumika wakazikata, wakakuta ndani ya ubavu mpira umeanza kuachana na nyuzi, ni kwa ajili ya kupanda zile kingo zenye meno kila mzunguko. Ikaamuliwa kila seti isizidi mizunguko 18, watu wakalalamika kwamba mbio zimeharibiwa, eti imekuwa mashindano ya kuingia piti. Sawa zimeharibika, lakini hiyo ndo sura halisi ya "ghafla" ukiikamata siku mbili kabla.

Indianapolis 2005 waliikamata pia, ila vibaya. Ralf Schumacher alianguka Ijumaa kwenye kona ya 13, ile kona ya mwisho yenye mteremko wa pembeni, ambapo gari haliegemei tu nje, linakandamizwa chini pia, na ubavu wa tairi la Michelin la nyuma kushoto ulikuwa haujajengwa kwa mzigo wa namna hiyo. Michelin wenyewe wakasema hatuwezi kuwahakikishia zaidi ya mizunguko 10 bila kupunguza spidi pale. Hawakukubaliana namna ya kuipunguza, magari 14 yakazunguka mzunguko wa kujipanga yakaingia gereji, sita yakashindana peke yao. Mashabiki walizomea na wana haki yao, ila kwangu Michelin siku ile walifanya jambo gumu kuliko yote, kusimama na kusema bidhaa yetu haifai hapa leo.

Ila inayoniuma kuliko zote ni ya zamani, Adelaide 1986, nimeiangalia YouTube kwa mwendo wa robo sijui mara ngapi. Mbio za mwisho za msimu, Mansell anahitaji nafasi ya tatu tu awe bingwa. Prost alipata pancha katikati ya mbio akaingia piti, mafundi wa kampuni ya tairi ya Goodyear wakazikagua zile tairi zake zilizotoka, wakaona hazijalika sana, neno likasambaa kwamba tairi zinaweza kumaliza mbio bila kubadilishwa. Waliangalia mpira umebaki kiasi gani, hilo tu ndo lililoonekana kwa macho. Baadaye Keke Rosberg anaongoza anasikia kishindo nyuma, akadhani injini imekufa, akasimamisha gari, akashuka, kumbe injini nzima kabisa, ni tairi ndo limeanza kuchanika. Hilo lilikuwa onyo, limeegeshwa pembeni ya njia kila mtu analiona. Haukupita muda, Mansell yuko karibu kilomita 290 kwa saa, tairi la nyuma kushoto likafumuka, cheche chini ya gari, yeye anapambana na usukani kama mtu anayemshika ng'ombe pembe. Alilisimamisha akatoka mzima, na ubingwa ukawa umekwenda.

Timu ya Mansell ikamwita Piquet, dereva mwenzake, ambaye sasa ndo alikuwa anaongoza, aje abadilishe tairi kwa tahadhari. Akaja, akapoteza uongozi, Prost akashinda mbio na ubingwa, na Piquet akamaliza nyuma yake kwa sekunde 4 na ushee.