Wauza mashine za kebo, semeni ukweli kuhusu puli

Jamani hii kitu imenichosha, wiki ya tatu sasa natafuta mashine ya kebo ya mazoezi niweke nyumbani na kila duka hapa Kariakoo ukiuliza uzito unaambiwa "kilo 100 hiyo bosi, mzigo wa uhakika", haya sawa, lakini puli, vile vigurudumu inapopita kebo, zimepangwaje? Maana vyuma vikining'inia kwenye puli inayotembea, ile mbili kwa moja, mkononi unavuta kilo 50 tu, na hamna anayekuambia mpaka ushalipa. Kwa mazoezi ya kifua sio mbaya, kebo inakuja ndefu, ila mtu wa kuvuta mgongo atazimaliza hizo kilo mapema sana.

Juzi nimeshika moja, puli za plastiki, ukiizungusha inayumba kushoto kulia, na ganda la kebo lishaanza kuchanika pale inaposhikana na mpini. Mpya hiyo!! Na urefu je? Hawaandiki kabisa, wakati dari yangu ni mita 2.4 na mashine zingine ndo zinafika hapo hapo. Si muandike tu kwenye tangazo, puli uwiano gani, urefu mita ngapi, mtu asipoteze nauli bure.