Baada ya kitengo cha elimu maalumu, kijana aende wapi?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imefikisha elimu ya lazima Tanzania kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Naiunga mkono. Lakini kwa kijana kiziwi, asiyeona, mwenye usonji au mwenye ulemavu wa akili, sera hiyo imesogeza mbele tu siku ya swali gumu. Miaka ya lazima ikiisha, mzazi anabaki na kijana nyumbani na hajui pa kumpeleka.

Wanaofaulu mitihani njia yao walau inaonekana. Baraza la Mitihani huwaandalia karatasi za nukta nundu au za maandishi makubwa na kuwaongezea muda, ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, na vyuo vikuu vinawapokea. Wanahangaika sana wakiwa huko, ila wamefika. Walio wengi hawapiti njia hiyo. Kwao kinachobaki ni ufundi stadi, na hapo ndipo watu wanaolijali jambo hili hutofautiana: kijana asome kwenye chuo cha wenye ulemavu, au achanganyike na wenzake kwenye vyuo vya ufundi stadi vya serikali, VETA, na kwenye vyuo vya maendeleo ya wananchi?

Wanaotetea vyuo maalumu wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa siku hizi. Chukua darasa la ushonaji. Mwalimu ameinamia cherehani, anaonyesha namna ya kupachika zipu, na papo hapo anaeleza kwa mdomo. Anayesikia anatazama mikono huku masikio yanafuata maelezo. Kiziwi hawezi: akimtazama mkalimani anaikosa sindano, akiitazama sindano anakosa maelezo. Mwalimu aliyezoea viziwi husimamisha mashine, akaeleza kwa lugha ya alama, akashona kidogo, akasimama tena. Somo linakwenda taratibu na linaeleweka. Kwenye chuo cha kawaida, darasa likiwa limejaa na kila mmoja anasubiri zamu ya mashine, ni vigumu mno mwalimu kushika mwendo huo kwa ajili ya mtu mmoja. Mkalimani mara nyingi hayupo kabisa, na kijana anabaki kuiga anachokiona na kunakili ubao. Jioni anarudi bwenini ambako hakuna hata mtu wa kupiga naye soga.

Kasoro za vyuo hivi nazo ni kubwa. Vya serikali ni vichache: Yombo jijini Dar es Salaam, na vingine Singida, Masasi, Tabora, Tanga na Mwanza. Baadhi vilikaa miaka vimefungwa kabla ya kuanza kufufuliwa. Mzazi wa Kigoma au Rukwa anafikiria nauli, anafikiria likizo, anafikiria nani atamfuata mtoto akiugua, na mara nyingi anaacha. Kisha kuna fani zenyewe. Ushonaji, useremala, ushonaji wa viatu: kwa miaka mingi ndizo walizopewa watu wenye ulemavu, kana kwamba vipaji vyao vyote viliumbwa kwa cherehani na randa. Kijana asiyeona anayeweza kutumia kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti anahitaji mlango mwingine.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata nguvu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara ya 24 unataka watu wenye ulemavu wafikie mafunzo ya ufundi, elimu ya juu na elimu ya watu wazima kwa usawa na wengine. Vyuo vya maendeleo ya wananchi viko 54, na serikali inaendelea kujenga chuo cha VETA katika kila wilaya. Kijana akisoma karibu na nyumbani, anaosoma nao ndio watakaokuwa mafundi wenzake, wateja wake, pengine waajiri wake. Fundi umeme aliyekaa benchi moja na mwenye kiti mwendo hatashangaa kumwona kazini kesho. Faida hiyo chuo cha peke yao hakiwezi kuitoa, hata kikiwa na walimu bora kiasi gani.

Tatizo ni kwamba ujumuishi mwingi huishia kwenye fomu ya kujiunga. Njia ya mteremko inajengwa mlango wa ofisi ya utawala, karakana inabaki na ngazi, choo nacho vilevile. Kijana mwenye ualbino anapangiwa uashi kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi, na kazi yake yote ni juani, wakati ngozi yake inahitaji kivuli, kofia pana na losheni. Aliyempangia hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwuliza chochote zaidi ya jina la fani.

Kwa maoni yangu, jibu haliwezi kuwa moja kwa ulemavu wote. Mwenye ulemavu wa viungo, mwenye uoni hafifu, mwenye ualbino, hawa waende chuo cha kawaida kilicho karibu, na fedha iende kwenye majengo, vifaa na ushauri wa kuchagua fani. Kwa viziwi nasita. Kumtawanya mmoja mmoja katika kila wilaya ni kumnyima lugha. Afadhali kila kanda iwe na chuo cha VETA kimoja au viwili vinavyowapokea kwa kundi, vikiwa na wakalimani walioajiriwa na walimu wa karakana waliojifunza alama. Watakuwa ndani ya chuo cha wote, na bado watakuwa na wenzao. Najua wapo viziwi watakaosema hata hilo halitoshi, wanataka chuo chao kamili, na wanaoijua adha hiyo ni wao.

Kundi linalonisumbua zaidi ni lile ambalo mjadala huu wote haulitaji. Ni vijana wenye ulemavu wa akili na wengi wenye usonji, waliosoma kwenye vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za msingi. Wengi wao hawafanyi mtihani wa taifa. Wanajifunza kuoga wenyewe, kuhesabu chenji, kufuma mazulia, kupika, kutunza bustani. Kijana anakaa kitengoni miaka, anafika utu uzima, siku moja mwalimu anamwambia mama kwamba amekua mno, wadogo wanasubiri nafasi. Cheti hana, na vyuo vingi havijui vimpokee kwa kigezo gani. Alichojifunza kinaanza kupotea akikaa nyumbani: aliyekuwa anavuka barabara mwenyewe sasa hatoki nje.

Kwa hawa naamini zaidi katika uanagenzi, yaani kujifunza kazi palepale inapofanyika, kuliko darasa jingine. Dobi la hoteli, bekari, banda la kuku, kitalu cha miche: kazi yenye hatua zinazojirudia, inayoweza kubandikwa ukutani kwa picha tano, na mtu mmoja mvumilivu wa kumsimamia miezi ya mwanzo. Atachelewa kushika, lakini akishika hataruka hatua. Serikali tayari ina mpango wa mafunzo ya uanagenzi na utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unaweza kupanuliwa ili kijana apate karatasi inayoeleza anachoweza kufanya, hata kama hajui kusoma.

Wazazi wengi watakataa, na sababu yao si ujinga. Binti mwenye ulemavu wa akili yumo katika hatari kubwa ya kudhalilishwa, njiani, kazini na hata bwenini, na kesi zenyewe ni ngumu kuthibitisha kwa sababu shahidi mkuu haaminiwi. Mama anayemfungia ndani anamlinda kwa njia pekee aliyonayo. Mpango wowote usioeleza nani anamsindikiza, nani anamsimamia na nani anapigiwa simu likitokea jambo, usitarajie kwamba atauamini.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo yao. Vyote viwili vinasubiri mtu aliyekwisha kuandaliwa, na mwanafunzi wa kitengo haandaliwi kwa lolote kati ya hayo. Kazi hiyo ingeanza miaka miwili kabla hajaondoka shuleni. Mwalimu wake, ofisa elimu maalumu, ofisa ustawi wa jamii na mzazi wangekaa meza moja na kuandika jina la kijana, anachokiweza, na jina la fundi au mwajiri wa kata hiyohiyo aliyekubali kumpokea kwa majaribio.